Barua usiipeleke kabla hujashona Desemba moja

USIIPELEKE HIYO BARUA. Salamu tutapeana baadaye.

Nimeusoma uzi wako hapa jukwaani mara tatu tangu jana usiku, mdogo wangu, na mara zote tatu nimekwama palepale ulipoandika: "barua ya kuacha kazi nimeshaichapa, nasubiri Mei iishe tu." Una miaka 28, mwalimu wa Kiswahili na Historia huko Mufindi, mwaka wa nne kazini. Unapenda kushona tangu utotoni, unataka fremu Mbeya mjini uanze ubunifu wa mavazi, na umechoka kuishi maisha uliyochaguliwa na baba yako. Umeuliza mambo manne: fremu iwe Kabwe, Soweto au Mwanjelwa, jina la biashara linasajiliwaje, umwambieje mzee, na usome vitabu gani vya kukutia moyo. Wadau wamekushauri kuhusu fremu, wengine wamekupigia makofi, na mmoja ameandika "choma daraja dada, ukiwa na mlango wa kurudia hutapigana." Ukamjibu kwamba hayohayo ndiyo aliyokuambia kocha wa maisha kwenye semina ya Mbeya mwezi uliopita.

Hapo niliamka nikawasha taa. Maneno hayo niliyasikia mimi mwaka 2019, Mbeya hiihii, nimekaa kiti cha plastiki mstari wa pili, kiingilio elfu thelathini, daftari mapajani kama mtoto wa kidato cha kwanza. Niliyaamini, na gharama yake haijaisha mpaka leo.

Nilikuwa mwalimu kama wewe. Nilisoma Mkwawa pale Iringa, nikaajiriwa 2012, Fizikia na Hisabati, shule ya kata. Kufikia mwaka wa saba nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Darasa moja watoto tisini. Vikao vya jioni visivyoisha. Mke wangu ni muuguzi, yeye yuko Iringa mjini, mimi niko wilaya nyingine kabisa, tunaonana mara mbili kwa mwezi nikibahatika basi la Ijumaa. Niliandika barua za uhamisho tatu, zote kimya. Basi mtu aliye kwenye hali hiyo akisimamiwa jukwaani na jamaa aliyevaa suti akamwambia "wewe siyo huyo unayeamka asubuhi kwenda kazini, ndani yako kuna mtu mwingine anakulilia umfungulie," unadhani atafanya nini? Ukumbi mzima tulilia. Mimi nililia.

Kisha akageukia ubao. Parachichi za Hass. Miche 80 kwa ekari, kilo 100 kwa mti, shilingi 1,500 kwa kilo. Milioni 12 kwa ekari moja. Chukua ekari tatu. "Mwalimu, wewe milioni 36 unazikusanya kwa miaka mingapi?" Niliikagua hesabu ile kwa jicho la mtu anayesahihisha mitihani ya Hisabati, nikakuta haina kosa. Na kweli haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye yale ambayo hayakuandikwa ubaoni, na yule bwana alijua hayakuandikwa.

Machi nikachukua mkopo wa watumishi, milioni tisa, miezi 60, unakatwa kwenye mshahara. Mwishoni mwa Aprili dalali akanipeleka Njombe kuona shamba. Ungeliona siku ile ungelia tena. Mvua zimeisha, kila kitu kijani, bonde limelala kama kitanda kilichotandikwa, kijito kinapita chini. Nikalipia ekari tatu siku ileile. Juni 30 nikapeleka barua.

Baba yangu ni mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, alikuwa fundi wa injini pale Mbeya. Si mtu wa maneno mengi. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha na zile hesabu, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza jambo moja tu: "Huko umelala siku ngapi?"

Nikamwambia baba, shamba siyo nyumba ya wageni. Akanyamaza. Nilitoka pale nimeudhika, nikampigia simu mwenzangu wa semina nikamwambia ndiyo haya tuliyofundishwa, wazazi ndio wauaji wa kwanza wa ndoto zetu. Nilisema hivyo juu ya mtu aliyenisomesha kwa mshahara wa reli. Nimeshamwomba radhi, lakini sikusahau.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo uchungu wote ulipo na ndiyo sababu nimekaa kuandika badala ya kusahihisha madaftari.

Barua niliipeleka Juni. Shambani nilihamia Oktoba, kuchimba mashimo yasubiri mvua za Novemba na Desemba. Julai, Agosti na Septemba nilikuwa wapi? Nyumbani, naangalia video za parachichi, nimo kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu wa semina, tunatumiana picha za mashamba ya watu na kuitana wakurugenzi. Miezi mitatu ile ndiyo pekee ambayo lile bonde lingeniambia ukweli wake, na mimi sikuwepo hata usiku mmoja.

Nilipanda miche 240 Desemba. Yote ya kubebeshwa, yaani Hass iliyoungwa kwenye mche wa kienyeji, elfu tano kila mmoja, samadi ya kutosha, mashimo ya futi mbili kwa mbili. Ilishika vizuri. Hadi Mei 2020 ilikuwa imenifika kiunoni na nilikuwa naituma kwenye kundi kila Jumapili. Halafu ikaja Julai. Usiku mmoja mbingu zilikuwa safi kabisa, nyota kama zimemwagwa, hakuna upepo. Niliingia kulala nikiwa nasifu uzuri wa usiku. Asubuhi nilipofungua mlango majani yote bondeni yalikuwa meupe. Sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Jua lilipochomoza ikayeyuka, na mpaka jioni majani ya miche yakawa meusi, yamelegea, kama mtu amepita akimwagia maji ya moto mmoja baada ya mwingine. Usiku uliofuata ikarudi. Kati ya 240 ilipona 71, na yote 71 ilikuwa ile ya juu kwenye mteremko.

Kwa nini ya juu ilipona? Kwa sababu hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya vuguvugu. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto haraka, hewa iliyoigusa inapoa, inateremka taratibu kama maji mpaka bondeni na kutuama huko. Nimelifundisha jambo hilo miaka saba. Nimelitungia mtihani. Watoto wangu wa kidato cha pili wangenieleza kwa mchoro kwa nini mtu asipande mti unaoogopa baridi kwenye bonde la Njombe. Lakini sikuwa naliangalia lile bonde kwa akili yangu. Nilikuwa naliangalia kwa macho ya yule bwana wa suti.

Mzee jirani yangu alikuja kunipa pole. Akasalimia kamwene, akasimama muda mrefu akiangalia. Akasema, "Mwalimu, hapa sisi tunaweka viazi tu, tena kwa msimu. Baridi inalala hapa tangu babu zetu." Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia. Akanijibu bila ukali wowote: "Hukuuliza. Ulikuja na gari la dalali, ukaondoka na gari la dalali."

Unaona? Baba aliuliza nimelala siku ngapi. Swali lilikuwa hilo tu. Ningelala pale Julai moja, kibarua kwenye shamba la huyo mzee, elfu tano kwa siku, nikichimba viazi vyake, ningeamka asubuhi moja nikaona nyasi nyeupe, na milioni tisa zingebaki benki zilikotoka.

Lakini bado sijafika kwenye gharama yenyewe.

Kwenye semina tuliambiwa ukiacha kazi utachukua michango yako ya mfuko wa pensheni, ndiyo iwe mtaji au ilipe madeni. Wengi wanaamini hivyo hadi leo, nimeona hata kwenye uzi huu kuna mtu amekuandikia. Zamani lilikuwepo fao la kujitoa, na watu walilizoea. Sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha ile mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ikawa PSSSF haina fao hilo. Kuna fao la kukosa ajira, ila ni la mtu ambaye kazi imemwacha. Aliyeiacha mwenyewe kwa hiari halimhusu. Na pensheni yenyewe inataka uwe umechangia miezi 180. Mimi nilikuwa na miezi themanini na kitu. Nilielezwa hayo dirishani, na binti wa pale alinieleza kwa upole, alirudia mara mbili, mpaka akaniletea kiti. Nilikuwa nimepanga fedha ile ilipe mkopo. Barua ilishapokelewa, jina limeshatoka kwenye orodha ya mishahara, na makato 56 yalikuwa bado yananisubiri. Wewe una miaka minne kazini. Hesabu mwenyewe miezi yako.

Na deni la Bodi ya Mikopo, ule mkopo wa kusomea chuo, nalo lilibaki palepale. Ukiwa kazini wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, inauma lakini inaisha. Ukitoka unadaiwa vilevile, ila sasa mlipaji ni mfuko wako usio na kitu.

Niliuza pikipiki. Shamba nililiuza 2021 kwa mkulima wa viazi, kwa bei ya chini kuliko niliyonunulia. Haikutosha. Aliyelipa mkopo wangu ni mke wangu. Alikuwa na diploma ya uuguzi, ameshapata nafasi ya kwenda kusoma shahada, ada ameidunduliza mwenyewe kwa miaka miwili. Aliiahirisha nafasi ile. Kisha akaiahirisha tena. Hakunigombeza, na hilo ndilo lilikuwa gumu kulibeba. Usiku mmoja nilimkuta anakunja vile vitini vyake vya maandalizi anavitia kwenye sanduku, anavipanga vizuri kama mtu anayekunja nguo za mtoto zilizombana. Ameanza masomo mwaka jana. Miaka mitano imepita hapo katikati.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ishi maisha yako, uwe mkweli kwa nafsi yako, wasiokuelewa waache," muulize nani atalipia. Mimi nilipokuwa nikiyaishi maisha yangu, mke wangu alikuwa anayaweka ya kwake sandukuni. Hakuna mtu aliyeyataja haya kwenye ule ukumbi.

Na yule bwana? Miaka miwili baadaye nilikwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi zangu, nikamkuta. Amekaa nyuma ya meza, kitambulisho cha kazi shingoni, ana bosi, ana saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwajiriwa wa kudumu, na alikuwa hivyohivyo siku aliyotuambia tuchome madaraja. Semina zake zilikuwa Jumamosi kwa sababu siku nyingine alikuwa kazini! Mshahara wake haukuwahi kukosekana hata mwezi mmoja. Aliniangalia, hakunikumbuka. Nilitaka kusema jambo, koo likakauka, nikachukua karatasi zangu nikatoka. Simchukii kwa kuwa na kazi. Namchukia kwa kutuuzia ushujaa ambao yeye mwenyewe hakuugusa, tena kwa watu waliochoka, maana mtu aliyechoka ndiye anayeuziwa kirahisi.

Sasa nikupe jambo lenyewe, na hili ndilo ninalotaka ulibebe hata ukisahau mengine yote. Kila kazi ina mwezi wake mbaya. Ufanye huo mwezi kwanza, ndani ya kazi ya mtu mwingine, kwa mikono yako, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, kabla hujaandika barua, kabla hujakopa, kabla hujamtangazia mtu. Ya parachichi ni Julai. Ya ushonaji ni Desemba.

Najua kidogo habari za Desemba kwa sababu dada yangu ni fundi cherehani Mwanjelwa, miaka zaidi ya kumi na tano sasa. Nimekaa kibandani kwake Desemba nikamsaidia kupiga pasi na kukata nyuzi. Wewe umeandika kwamba unapenda kuchora mishono na kwamba ukishona "unasahau dunia". Naamini kabisa. Lakini Desemba hakuna anayesahau dunia pale. Kuna kwaya imeleta vitambaa vya watu arobaini tarehe 10, wanataka sare zote kabla ya Krismasi, na nusu yao hawajaja kupimwa. Kuna mama wa send-off ambaye ameongezeka tangu alipopimwa Oktoba na anasema fundi ndiye aliyekosea. Umeme unakatika saa mbili usiku, pasi ya mkaa inatoa cheche, kitenge cha mteja kinaungua tundu dogo kama punje ya mtama, na unatafuta kitenge kilekile soko zima ukilipe kwa pesa yako. Umewahi kujiuliza kwa nini mafundi cherehani wote wanasema "njoo kesho" na kesho yenyewe haifiki? Si kwamba wamezaliwa waongo. Novemba walipokea advansi nyingi kuliko mikono waliyo nayo, kwa sababu Oktoba hawakuwa na kitu na kodi ya fremu ilikuwa inadaiwa. Dada yangu anasema ushonaji wenyewe ni robo ya kazi. Iliyobaki ni kuzungumza na watu wenye hasira huku umeshika mkasi.

Na baada ya hapo kuna Februari. Sare za shule zimeisha Januari, wakulima wamemaliza hela kwenye mbolea, hakuna harusi, unakaa mlangoni unahesabu bajaji. Huo nao ni mwezi mbaya, wa aina nyingine. Dada yangu anaogopa Februari kuliko Desemba.

Huenda ukafika Desemba ile ukagundua kwamba unaipenda yote, hata yule mama wa send-off. Basi nenda, nitakuwa wa kwanza kuleta kitambaa. Huenda ukagundua unapenda kuchora tu na kukata, na kuzungumza na wateja kunakumaliza. Hapo ujue unahitaji mwenzako wa kukaa mbele, au ujue ni kazi ya jioni na likizo. Na huenda ukagundua kwamba huchukii ualimu hata kidogo, unachukia shule moja, au nyumba ya upweke, au umbali. Hili la mwisho nakuomba ulitazame bila woga, kwa sababu ndilo lililonikuta.

Maana kabla sakitu haijaja, tangu Februari ile, moyo wangu ulishajua. Miche haisemi. Unaamka saa kumi na moja, unapalilia, unaimwagilia, inakuangalia. Hass inaanza kukupa matunda ya maana mwaka wa tatu hivi. Miaka mitatu unazungumza na kitu kisichojibu. Mimi ni mtu wa kelele. Jioni watoto wa majirani walikuja kuchota maji, nikaanza kuwafundisha hesabu kwa kuandika na mkaa kwenye ukuta wa stoo. Mara ya kwanza walikuwa watatu, baadaye kumi na wawili. Saa ile moja ya jioni ndiyo pekee iliyonipa nguvu ya kuamka kesho yake. Nilikuwa nimeikimbia kazi niliyoipenda nikidhani naikimbia kwa sababu si yangu, kumbe nilikuwa nakimbia vikao, msongamano na usiku wa kulala mbali na mke wangu. Barua ya kuacha kazi haikuwa dawa ya hayo. Hata likizo bila malipo sikuwahi kuiomba, wakati utaratibu upo. Sikuuliza.

Baada ya kupoteza shamba nilifanya kibarua kwenye kitalu upande wa Rungwe, kwa njaa tu. Hapo nikajifunza kubebesha. Unachukua mche uliotokana na mbegu ya parachichi la kienyeji, unene wa penseli, unaukata, unauchana katikati. Unachonga kikonyo cha Hass kama kabari, unakichomeka ganda likutane na ganda, unafunga nailoni kwa mkazo usiozidi wala kupungua. Wiki tatu, nne, ukiona jicho linachipua unajua ndoa imekubali. Nilipenda kazi ile kupita maelezo. Mikono inafanya kazi, mdomo unafundisha mwenzako wa pembeni. Yaani ndani ya biashara yote ya parachichi kulikuwa na kipande kimoja tu kilichokuwa changu, nacho hakihitaji ekari tatu wala bonde. Siku ishirini za kibarua zingenionyesha.

Leo nafundisha shule binafsi Uyole, mke wangu tunaishi nyumba moja akitoka chuo, na nyuma ya nyumba nina miche mia sita chini ya kivuli cha neti. Jumamosi wanakuja vijana nawafundisha kubebesha. Sijawa tajiri. Nalala.

Nimeona kwamba nimeandika sana na maswali yako mengi sijayagusa. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa mtandao, ni jambo dogo na halitakuumiza ukilifanya leo au mwakani. Vitabu sina. Kuhusu mzee wako: usiende kwake na hotuba. Umesema alikuchagulia ualimu na ndiyo maana una kinyongo. Sawa, kinyongo chako nakielewa. Lakini mwambie tu unataka kufanya nini, kisha mwache aulize. Akiuliza swali linalokuudhi, liandike mahali.

Barua hiyo iweke kwenye droo. Umeajiriwa kwenye kazi yenye likizo mbili ndefu, na hiyo ni bahati ambayo muuguzi au karani hana. Juni hii shule ikifungwa usikae Mufindi na usitafute fremu. Panda basi uje Mbeya ufanye kwa fundi, uzoee mikono. Kisha uje tena Desemba, nzima nzima, hadi usiku wa mkesha wa Krismasi. Januari ukiamka bado unaitaka, itoe barua kwenye droo, tena wakati huo utakuwa na wateja wanaokujua kwa jina. Mkopo usiuguse kabisa hadi hapo. Kabisa!

Nimempigia dada asubuhi hii. Amesema atakupokea Juni, ana cherehani ya pili iliyokaa bure tangu msaidizi wake aolewe. Wiki ya kwanza hatakulipa, chakula cha mchana kipo, Jumapili anakwenda kanisani hafungui. Amesema pia Desemba nafasi ni yako usipomkimbia Juni. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe namba yake, na uje na futi yako mwenyewe, ya kwake haazimi mtu.